Hatua ya Nne

Kila siku ya kazi, chai ilipoletwa ofisini, Sikudhani alikuwa na desturi ndogo ambayo hakuna aliyemwagiza. Alifungua kitambaa, akatoa muhogo wa kuchemsha aliotoka nao nyumbani, akaukata vipande viwili, akampelekea kile kikubwa Mzee Chande, mkuu wa kitengo chake. Kisha alirudi kwenye kiti chake kula kile kidogo huku uso kaugeuzia ukuta, kwa sababu aliona haya kutafuna mbele za watu.

Siku hiyo kisu kilikuwa bado katikati ya muhogo mlango ulipopigwa teke.

Mtu wa nchi nyingine atauliza kwa nini mlango upigwe teke ilhali ulikuwa wazi. Ni kweli ulikuwa wazi. Askari wawili waliuona uko wazi, wakaufunga taratibu, wakarudi nyuma hatua kadhaa, ndipo wakaupiga. Utaratibu ni utaratibu.

"Raia, tulieni!" ilinguruma sauti kutoka ukumbini. "Ofisi hii imezingirwa!"

"Na nani, Afande?" aliuliza Mzee Chande, muhogo ukiwa shavuni.

"Na mimi."

Akaingia Jenerali Mstaafu Ngurumo, tumbo mbele, nishani zikilia kifuani kama njuga. Nyuma yake askari wa tatu alibeba ubao, na wa nne alibeba kipande cha chaki juu ya mto mdogo wa hariri.

Nchi yenyewe inaitwa Mbioni. Ni nchi nzuri. Haina tatizo hata moja. Ina changamoto, na changamoto zote ziko kwenye mchakato. Juu ya nembo ya taifa kumeandikwa "Tunaelekea". Lakini wakati huo Mkuu wa Nchi alikuwa amechoka kusikia kwamba miradi haimaliziki. Akatazama huku na huku katika serikali yake kutafuta chombo ambacho hakijawahi kushindwa, akaliona jeshi. Na kweli, jeshi la Mbioni halijapata kushindwa vita. Vita pekee iliyowahi kutangazwa iliahirishwa kwa sababu upande wa pili ulifiwa, na wanajeshi wetu, kwa utu wao, wakaenda kusaidia kuzika.

Ndiyo maana Jenerali akaletwa Wizara ya Maji, Idara ya Vipimo na Uboreshaji wa Mchakato.

Akachora duara kubwa ubaoni.

"Rubani wa vita akiwa angani," alisema, "hana muda wa vikao. Anafanya mambo manne tu. Anatazama. Anatafakari. Anaamua. Anatenda. Halafu? Anarudi kutazama alichokitenda. Duara! Anayelizunguka haraka kuliko adui ndiye anayekula chakula cha jioni kwake. Kuanzia sasa miradi yenu nayo itazunguka. Na ninyi wa vipimo mtapima kasi ya kuzunguka. Kuna swali? Hakuna."

Sikudhani, na hili ni lazima lisemwe kwa haki, alilipenda lile duara. Chuoni alifundishwa jambo linalofanana nalo: pima, fikiri, rekebisha, kisha pima tena uone kama ulirekebisha kweli. Moyo wake ukapata joto. Tena asubuhi ile ile fundi wa mradi wa Korongoni alikuwa amempigia simu. Bomba limefika hadi kwenye wodi ya wazazi ya kituo cha afya. Maji yameshashuka kutoka tangini, yamejaa, yamesimama nyuma ya koki kuu. Kilichobaki ni mtu kushika usukani wa koki na kuuzungusha.

Akainua mkono nusu.

"Afande, samahani. Kuna mradi wa Korongoni. Wenyewe nadhani tayari uko kwenye ile hatua ya nne, kwa maana kilichobaki ni ku..."

Hapo sauti ikazama. Sikudhani alikuwa na ugonjwa huo. Sentensi alizianza vizuri, kwa adabu na mpangilio, lakini kila alipolikaribia neno lenyewe, lile lililobeba mzigo, sauti ilimkimbia, na neno likabaki mdomoni likiyeyuka kama barafu.

"Hatua ya nne?" Jenerali alitoa macho. "Binti, unataka kutenda kabla jeshi halijatazama? Huko ni kuvamia bila upelelezi! Watu hufa hivyo!"

"Samahani, Afande," alisema Sikudhani, akaketi.

*

Kazi ya kwanza ilikuwa kumpata adui.

"Mkakati usio na adui," alisema Jenerali, "ni mazoezi ya viungo."

Kamati ya Kumtafuta Adui ikakaa. Mjumbe mmoja alipendekeza kutu, lakini kutu haina makao makuu. Mwingine akapendekeza mkandarasi, ikaonekana mkandarasi ni shemeji wa mtu ambaye hakutajwa jina lakini wote waliinamisha vichwa. Mwishowe Mzee Chande, aliyetaka kuwahi nyumbani, akasema kwamba wizara ni ya maji, basi adui bila shaka ni kiu. Wajumbe wakapiga meza. Kikabaki kizingiti kimoja tu cha kitaalamu: kiu haionekani kwa macho, itatazamwaje? Jenerali akakitatua papo hapo. Kiu hujificha ndani ya watu. Kwa hiyo, tazama wenye kiu, umemwona adui.

Wapelelezi wakatumwa Korongoni.

Huko Korongoni ndiko alikoolewa Mwamvua, dada yake Sikudhani. Walikuwa wawili tu kwa mama yao, na mama alishatangulia. Mwamvua alikuwa na ujauzito mkubwa, wa pili. Mtoto wa kwanza alizaliwa katika kituo kile kile, akalia vizuri, akanyonya vizuri. Siku ile wodini hapakuwa na maji, kama siku nyingine zote. Nesi alinawa kwa maji ya kikombe ambayo yalishamnawisha mtu mwingine, kisha akakata kitovu. Homa ilipomshika mtoto walisema ni ya kawaida. Alizikwa bado hajapewa jina.

Ndiyo sababu Sikudhani, alipomaliza chuo na kupangiwa idara ya vipimo, alichagua mwenyewe kushika mradi wa Korongoni. Sababu hiyo hakumwambia mtu.

Mwamvua akapiga simu.

"Siku, hebu niambie mdogo wangu. Serikali yenu ina vita na nani?"

"Kwa nini, dada?"

"Kuna wanaume wamelala vichakani nyuma ya kituo, wamejipaka masizi usoni, wanatuangalia kwa darubini. Tangu asubuhi. Mama Hadija mpaka ameanua nguo zake za ndani kwa aibu."

"Ni upelelezi, dada. Wanamtazama adui."

"Adui gani? Huku kuna sisi na madumu yetu."

Sikudhani akaihamishia simu sikio la pili.

"Jua lilipowazidi," Mwamvua akaendelea, "wakatoka vichakani wakaja kuomba maji ya kunywa. Tukawapa. Mwenye kiu utamwambiaje hapana? Wamekunywa, wameshukuru, wamerudi vichakani kututazama." Akacheka, kisha kicheko kikamwisha. "Siku. Mimi siku zangu zimekaribia. Maji ya wodini yatafunguliwa lini? Sitaki ya redioni. Nataka yako wewe."

Sikudhani alitaka kusema: dada, maji yako hapo nyuma ya ukuta unaouegemea, na hakuna anayethubutu kuyafungua. Alilisikia neno likipanda.

"Tuko mbioni, dada," alisema.



"Haya. Kama ni wewe unayesema."

Taarifa ya wapelelezi ilisomwa wizarani kesho yake. Ilieleza kwamba adui amejikusanya kwa wingi karibu na kituo cha afya, wengi wao wanawake, wakiwa na silaha za plastiki rangi ya njano. Kwamba ni mkarimu kupita kiasi, jambo linaloashiria ujanja. Na kwamba lengo lake bila shaka ni kuiteka koki. Siku hiyo hiyo askari wakapelekwa kuilinda koki. Fundi alipokwenda asubuhi na spana yake aliulizwa neno la siri. Akasema, "Mimi ndiye niliyeifunga hiyo." Akaambiwa hilo silo neno.

*

Majuma yakapita katika kuzunguka. Idara ilitazama, ikatafakari ilichokitazama, ikaamua kutazama tena. Sikudhani akapima kasi kama alivyoagizwa, akachora mchoro. Mstari ulikuwa umelala chini kama nyoka aliyeshiba.

Jenerali akauona mchoro, akaghadhibika, akaita kikao cha dharura chenye waandishi wa habari.

"Afisa Vipimo! Kwa nini duara letu ni zito? Jirani zetu wanazunguka, sisi tunajikokota. Toa tathmini!"

Sikudhani akasimama. Usiku kucha alikuwa ameipanga sentensi hii kichwani, akaipunguza, akaipiga pasi. Ilikuwa sentensi moja tu. Alitaka kusema: hatua tatu za kwanza zinakwenda, ile ya nne imekwama, kwa hiyo ifanywe, ifanywe hata leo, Korongoni wafungue koki.

"Afande," alianza, "hatua tatu za kwanza tunazizunguka vizuri. Ila ile ya nne, ya kutenda, ndiyo inayochukua muda mrefu. Kwa hiyo kwa maoni yangu labda inge..."

Sauti ikazama.

"Ingeondolewa!" Jenerali alipiga meza kwa ngumi. "Sahihi kabisa! Hatua moja inachelewesha nyingine tatu, na sisi tunaibeba kama mgonjwa! Iondolewe!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Sikudhani akafungua mdomo, lakini mkono wake ulikuwa umeshashikwa na kutikiswa na kupigwa picha. Picha hiyo ilitoka magazetini. Anaonekana mdomo wazi, macho yamemtoka, na chini yake pameandikwa: Afisa afurahia mafanikio.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi ambayo Mbioni haijawahi kuiona. Kuamua nako kukaondolewa, kwa sababu ilibainika kwamba uamuzi ukishakuwepo huwa na mwenyewe, na likitokea la kutokea mwenyewe hutafutwa. Kutafakari kukaondolewa bila gharama yoyote, kwa kuwa karibu wote walikuwa hawajaanza. Ikabaki hatua moja: kutazama. Mtu akifumba macho na kuyafumbua, amemaliza duara. Mstari wa Sikudhani ukainuka, ukapanda, ukatoka nje ya karatasi, ikabidi karatasi nyingine ibandikwe juu yake. Wageni wakaja kutoka nchi jirani kujifunza. Wakaonyeshwa duara. Wakalitazama. Wakaondoka wakiwa wamemaliza.

Sikudhani akamfuata Mzee Chande mezani kwake. Kipande cha muhogo kilikuwa mkononi, alisahau kukikabidhi.

"Mzee, mimi sikuwa na maana ile."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa karibu yako. Nilisikia sentensi ilikokuwa inaelekea."

"Sasa mbona ulipiga makofi?"

"Kwa sababu ulinyamaza. Ungeimalizia, mimi pengine ningekohoa tu." Akautazama ule muhogo, hakuudai. "Wewe mtoto mzuri, Siku, ila sikiliza. Kitu kikikamilika kinatakiwa kifanye kazi, tena mbele ya watu wenye macho. Kitu kilicho mbioni hakiharibiki. Umewahi kusikia mchakato umevuja? Umepasuka? Mimi nimekula mkate wa mchakato mpaka mvi hizi, wanangu wamesoma. Sijawahi kufungua kitu."

"Na dada yangu, Mzee?"

Mzee Chande hakujua kwamba Sikudhani ana dada. Kwa nini ajue? Hakuambiwa. Alimtazama, akafungua mdomo kuuliza, lakini tarumbeta ikalia ukumbini. Jenerali alikuwa ametangaza ushindi.

*

Sherehe ya Ushindi wa Korongoni ilifanyika mbele ya kituo cha afya chenyewe. Msafara ulikuwa mrefu kiasi kwamba gari la mwanzo lilikuwa limeshafika kabla la mwisho halijawashwa. Sikudhani alikaa katika gari la vipimo pamoja na Mzee Chande na ule mchoro, ambao sasa ulihitaji kiti chake peke yake.

Njiani simu ikaita.

"Nimeshikwa," alisema Mwamvua. Alikuwa akihema. "Niko kituoni. Nesi ameniuliza maji yangu yako wapi. Nilikuja na ndoo, Siku, nimejitwika mwenyewe mpaka getini. Askari wakasema leo kuna wageni, kila ndoo ikaguliwe. Wameikagua kwa kuinywa."

"Nakuja dada. Niko njiani."

"Umesema njiani au mbioni?"

Mwamvua hakusubiri jibu. Uchungu ulimkata, simu ikakatika.

Pale uwanjani mahema yalikuwa yamefungwa, mazulia yametandikwa juu ya vumbi, bendi inapiga. Katikati ilisimama koki kuu, bomba nene linalotokeza ardhini kama goti, na juu yake usukani wa chuma uliopakwa rangi nyekundu. Walikuwa wameifunga utepe na kuivisha shada la maua. Askari wawili waliilinda, mmoja akiutazama umati, mwingine akiitazama koki. Ratiba ilisema koki itapigiwa saluti. Haikusema itafunguliwa.

Nyuma ya koki, hatua chache tu, lilikuwa dirisha la wodi ya wazazi. Pazia lake la kanga lilipepea. Kila bendi iliponyamaza kupumua, sauti ya Mwamvua ilitoka hapo.

Meza kuu ilijaa chupa za maji baridi, zikitoa jasho. Sikudhani alichukua chupa yake na ya Mzee Chande, akazipitisha dirishani kwa nesi. Aliporudi kuchukua nyingine, kijana wa itifaki akamzuia kwa upole. "Hizi ni za picha, dada. Zikipungua meza haitapendeza."

Jenerali akahutubia. Alisema adui amezingirwa, amepimwa, ametazamwa hadi amekata tamaa. Alisema vizazi vijavyo vitauliza, "Mlikuwa wapi siku ya Korongoni?", nasi tutajibu, "Tulikuwa tunatazama." Wanawake wa Korongoni walisimama nyuma ya kamba na madumu yao ya njano, kimya. Hawakupiga makofi. Walizoea kungoja, na kupiga makofi kunataka mikono mitupu.

"Na sasa," Jenerali alisema, "Afisa Vipimo, binti yetu aliyetuondolea ile hatua ya nne, atathibitisha ushindi kwa takwimu!"

Sikudhani akapanda jukwaani. Jibu lilikuwa limeandaliwa na wizara, nalo lilikuwa fupi: adui ameshindwa. Akasimama karibu na Jenerali, akakwepa kipaza sauti, akanong'ona.

"Afande. Maji yako hapo. Yamejaa. Kama ingewezekana, labda..."

Jenerali aliinama kama anayempongeza. Akiwa karibu vile, Sikudhani aliona kwamba mdomo wa juu wa mzee yule ulikuwa unatetemeka.

"Binti," alinong'ona naye, na sauti haikuwa na ngurumo hata kidogo. "Na yasipotoka?"

"Eti, Afande?"

"Mbele ya watu wote hawa. Nimeshika usukani, nimezungusha, halafu kimya. Mimi sijawahi kutoa amri ikatendeka, binti yangu. Maisha yangu yote. Nitajuaje kama inatendeka?"

Ilikuwa ajabu, lakini Sikudhani alimwonea huruma. Ndivyo alivyoumbwa. Alimwona ni mzee mwenye nishani za vita iliyoahirishwa, na akaona jinsi wizara nzima, na duara lake, na darubini zake, na wageni wake wa nchi jirani, vilivyojengwa kuizunguka hofu moja ndogo ya mtu mmoja. Maneno ya kumtuliza yalimjia mengi, ya adabu, mepesi. Usijali Afande. Tuko pamoja Afande. Angeyasema bila kukwama hata moja. Hayo hayakuwahi kumkwama.

Bendi ikanyamaza.

Mlango wa wodi ukafunguliwa. Nesi akatoka, mikono ameiinua mbele yake asiguse kitu, damu imefika viwikoni. Kwapani alikuwa amebana beseni tupu. Alitazama mahema, mazulia, meza kuu, wanawake nyuma ya kamba. Hakujua amwombe nani. Akabaki amesimama hapo na beseni lake, na nyuma yake, kupitia mlango ulio wazi, Mwamvua akaita jina la mdogo wake. Hakuita kwa nguvu. Aliita kama walivyokuwa wakiitana utotoni, gizani, kuhakikisha tu kwamba mwenzake yuko.

Sikudhani akasogelea kipaza sauti. Spika zilikuwa zimefungwa juu ya miti yote ya Korongoni ili ushindi usikike hadi vilimani, kwa hiyo hata pumzi yake ilisikika.

"Labda," alisema, na vilima vikarudisha: labda.

Mzee Chande, kule kwenye kiti chake, akaanza kukohoa.

"Hapana. Si labda." Sauti ikataka kuzama, mahali pale pale inapozama siku zote. Akaishika. "Siku ile sikuwa na maana hatua ya nne iondolewe. Nilikuwa na maana ifanywe. Nilitaka kusema ifanywe, nikanyamaza. Hakuna adui hapa, Afande. Kuna koki na kuna watu. Yasipotoka tutajua hayatoki, tutatengeneza. Lakini fungua. Fungua maji, sasa hivi. Dada yangu anazaa."